Mbegu Haiombwi na Mwenye Njaa

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo methali inavyosomeka nyumbani kwetu Ilomba, Mbeya, tangu baba afariki, na anayeona nimekosea aje akae na sisi mwezi mmoja. Mgeni ni baba mdogo Sosthenes, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa. Anayeugua ni mama. Mara ya kwanza alikuja siku ya arobaini, akaondoka na shamba. Mara ya pili alikuja mwezi wa nane, akaondoka na plau, baiskeli, na lile koti zito ambalo baba alikuwa akilivaa miezi ya baridi. Kila akiondoka presha ya mama inapanda na mimi namshika mkono hadi zahanati. Mara ya tatu, mwezi wa kumi na moja, mvua zikinukia, alipiga simu kwanza. Alisema anakuja Jumamosi. Anataka mbegu.

Mbegu yenyewe ni maharage. Najua wapo watakaocheka, ukoo mzima kugombana kwa ajili ya maharage. Wacheke. Mama yangu, Veneranda, ni Mhehe wa Kilolo, Iringa. Alipoolewa na Mnyakyusa akaletwa Mbeya, zaidi ya miaka thelathini sasa, bibi hakumpa vyombo wala godoro. Alimfungia maharage kwenye pindo la kanga, viganja viwili, akamwambia haya ndiyo ya kwetu. Mama aliyapanda, akavuna, akapanda tena. Sisi tuliyaita ya Kilolo, jina jingine hayana. Ni madogo, mekundu kama udongo wa kule, na kila moja lina doa jeupe kitovuni. Yanaiva kwa saa moja na nusu bila magadi. Mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe, hauhitaji kupondewa, na ukipoa unaganda hadi kijiko kinasimama.

Kilolo kwenyewe yameisha. Bibi alifariki, mama wadogo wakahamia mbegu za dukani, na mama alipowapigia simu mwaka juzi kuwauliza kama bado wanayo walimcheka. Mimi nina stashahada ya kilimo. Nilifundishwa kwamba mbegu bora ni ile yenye lebo, na sibishi. Ila najua pia maana ya kitu kilichobaki kwa mtu mmoja duniani. Tulichokuwa nacho kilikuwa kibuyu kimoja, kilo nne na kidogo, kimezibwa kwa gunzi, na ndani maharage yamechanganywa na majivu yasije yakatobolewa. Msimu uliopita hatukupanda, kwa sababu mama alikuwa hospitali akimuuguza baba. Gunia la kula liliisha msibani, wakalila waombolezaji, na tangu hapo tunanunua maharage ya sokoni kama watu wengine.

Shamba lilikuwa ekari moja na nusu, upande wa juu wa Uyole. Kwenye kikao cha arobaini walisema ardhi ya ukoo haikai kwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Nilikuwa nimekaa pale pale, mtoto pekee wa Aroni, mzima, nina meno yote. Nilisimama kuwaambia sheria inasema nini. Niliambiwa nikae, chai inapoa.

Basi baba mdogo akapata shamba. Akapanda maharage ya kuokoteza sokoni, akavuna, akayapeleka kwa Himmat, mfanyabiashara wa Soweto, hapa hapa Mbeya, ambaye kwa miaka mingi alichukua kila gunia la mama. Himmat alichemsha kikombe kimoja, kama anavyomfanyia kila mtu, akamrudishia mzigo wake. Alimwambia kwa upole kwamba yeye alikuwa anasubiri yale ya Mama Tumpe. Tumpe ndiye mimi. Hapo ndipo baba mdogo alipogundua kwamba alichochukua ni udongo mtupu.

Sharti lake alilitoa kwa sauti ya huruma, na ni hiyo sauti iliyonichefua kuliko sharti. Mama ampe kibuyu, na ukoo hautaigusa nyumba. Nyumba gani? Nyumba ya Ilomba ina karatasi ya kiwanja yenye majina mawili, Aroni na Veneranda. Nilimsomea mama karatasi hiyo kwa sauti mara tatu, nikimwonyesha kila jina kwa kidole. Alikuwa anauziwa kitu chake mwenyewe. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la mji mwingine.

"Karatasi haizuii mtu kuingia mlangoni, Tumpe," alisema. "Nimechoka. Acha wachukue, nilale."

Kitu kimoja tu alikishikilia. Kwao Kilolo, katika nyumba ya bibi, mbegu haikuombwa na mwenye njaa. Aliyekuja kuomba alilishwa kwanza, akaulizwa kama ameshiba, na akijibu ndiyo ndipo aliruhusiwa kutaja shida yake. Maana mwenye njaa ukimpa mbegu ataila, na hasara itakuwa yenu wote wawili. Baba mdogo aliposikia hivyo kwenye simu alicheka hadi akakohoa. Alisema kama tatizo ni kula, basi hilo tatizo amezaliwa nalo. Akaongeza kwamba atakuja na Mzee Benjamini, mkubwa wa ukoo, ashuhudie mbegu ikitolewa kwa mikono miwili, asije mtu kesho akasema mjane kaporwa.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa na zamu ya jumuiya kusafisha kanisa. Aliniachia hela ya maharage ya sokoni kwa ajili ya wageni, akaniagiza nichague mazuri, yasiyo na wadudu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na kibuyu ukifute," alisema. "Kisitolewe na vumbi kama kitu cha kuibwa."

Nilikishusha, nikakifuta. Nilianza na kitambaa kikavu, nikaja na mafuta kidogo ya alizeti, nikakisugua kiwake. Nilisugua hadi nikajiona nilivyo: mtoto wa mwenye mali, nampigia mwizi pasi mfuko wa kubebea. Hela ya sokoni niliirudisha chini ya kikombe ilipokuwa. Nikavuta ungo.

Msiniulize kwa nini sikuyaficha. Niliwaza kuyaficha. Lakini mama angeniuliza yako wapi, na mimi sijawahi kumdanganya mama yangu. Angeyatoa nilikoyaweka, angeyapeleka kwa mikono miwili kama alivyoahidi, kwa sababu mama ni mtu wa kutimiza ahadi hata aliyomwahidi nyoka. Kilichofichwa hutafutwa. Kilicholiwa hakitafutwi na mtu.

Nilimimina. Majivu yakapanda, yakanijaa puani. Nikapepeta upande wa jua, nikaanza kuchambua, kokoto huku, lililovunjika kule, mpaka nikakumbuka kwamba sipandi, napika, na lililovunjika nalo linaiva. Niliyaosha maji manne, hadi ya mwisho yakabaki meupe. Kisha nikayaloweka kwenye beseni kwa maji ya moto, nikayafunika, nikaenda kwa Kulwa kuazima sufuria.

Kulwa ni jirani yetu, Msukuma. Ndugu zake wanafuga bondeni Usangu, na yeye anauza maziwa ya mgando hapa mtaani. Ana sufuria ya msibani, ile ambayo unaweza kumwogeshea mtoto wa miaka mitatu na akabaki na nafasi ya kucheza. Aliniangalia usoni, akaitoa bila neno, halafu akashindwa kujizuia.

"Nani amekufa?"

"Bado," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akanitwisha sufuria.

Maharage ya mbegu yakilowa kuna kitu yanafanya. Ngozi inakunjamana kwanza, kama kidole kilichokaa majini, halafu inanyooka, na lile doa jeupe linavimba kidogo, linajiandaa. Shambani hiyo ni siku ambayo mama hapendi mtu akanyage tuta. Nilipofunua beseni nikayaona yamefika hapo, mkono wangu ulisimama. Sitasema uongo kwamba haukusimama. Nilimfikiria bibi, nikafikiria lile pindo la kanga. Kisha nikafikiria koti la baba kwenye mabega ya yule mtu. Mkono ukaendelea.

Sikutumia jiko la mkaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye mafiga, nikawasha kuni za mkaratusi, maana sufuria ya watu thelathini haibembelezwi kwa mkaa. Maji ya kwanza yalipochemka niliyamwaga, yakaondoka na harufu ya majivu. Ya pili niliyatia yakiwa ya moto, kwa sababu maharage yaliyo jikoni ukiyamwagia maji baridi yanashtuka na kugoma. Chumvi sikutia. Chumvi ni ya mwisho, ukiitia mapema ngozi inakaza. Hayo yote alinifundisha mama, tangu nikiwa mdogo wa kukalia kigoda, na kila nilipofanya jambo alilonifundisha hasira ilizidi, kwa sababu nilikuwa napika vizuri. Ningeweza kuyaunguza. Ningeweza kuyamwagia magadi yakawa uji. Lakini sikutaka mtu aseme mbegu ya bibi yangu ilikuwa mbaya.

Kulwa alikuja kuchungulia mara mbili. Mara ya pili aliona kibuyu kimelala wazi kando ya ungo, akaelewa. Anatoka kwa wafugaji, lakini mbegu ni mbegu. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama mama anajua. Nikamwambia hajui. Akavuta kuni moja nje ya moto, kama vile hilo lingesaidia kitu. Nikairudisha.

Saa tano yalikuwa yameiva. Lile unalolibana kati ya kidole na gumba linafunguka lenyewe, ndani ni unga mtupu. Nikakaanga vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hadi vikawa rangi ya kahawia, nikatia nyanya, nikaziacha zikauke mpaka mafuta yakajitenga, nikatia karoti na hoho, kisha karanga zilizotwangwa. Nikayamimina maharage humo na mchuzi wake. Mchuzi ukashika. Harufu ikavuka ukuta, nikasikia mtu barabarani akisema leo kwa marehemu Aroni kuna jambo.

Mama alirudi saa sita. Nilimsikia akifungua geti, akipita ukumbini, halafu hatua zikakoma. Kwa miezi mingi nyumba yetu ilikuwa inanuka maharage ya sokoni, na maharage ya sokoni hayanuki hivyo. Alikuja nyuma ya nyumba akiwa bado na kitambaa cha kufagilia kichwani. Hakuniangalia. Alifunua sufuria, akaacha mvuke umpige usoni, akaangalia. Kisha akaangalia kibuyu, ambacho nilikuwa nimekiziba tena na kukisimamisha kikiwaka mafuta.

"Yote?"

"Yote, mama."

Alikaa kwenye kigoda. Nilisubiri kofi. Nilikuwa tayari kulipokea, hata shavu nililiandaa. Badala yake alichukua kijiko, akachota, akapuliza, akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Mwanamke huyu tangu msiba alikuwa anakula kwa kulazimishwa. Akachota tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, akaendelea kutafuna. Kwenye mlango wa mbele tukasikia watu wanapiga hodi.

"Chumvi haijakolea," alisema. "Ongeza. Wameshafika."

Walikuwa watano: baba mdogo, mke wake, Mzee Benjamini, na wanaume wawili wa ukoo ambao kazi yao ni kuitikia. Baba mdogo alikuwa amevaa koti la baba, saa sita mchana, jua la Novemba, jasho linamtiririka shingoni. Nikapiga magoti nikamwamkia, kwa sababu nimelelewa. Wakanawishwa. Nikaleta wali wa Kyela kwenye sinia, nikaleta bakuli kubwa la maharage, nikataka kuanza kupakua. Mama akaninyang'anya upawa. Alimpakulia baba mdogo mwenyewe, kwa mkono wake, sahani ikajaa hadi mchuzi ukataka kumwagika.

Hapo baba mdogo angeweza kuuliza. Mtu aliyechukua shamba la wenzake, aliyehudhuria msiba uliomaliza gunia zima, anawekewa mezani maharage ya Kilolo mwezi wa kumi na moja, angeweza kujiuliza yametoka wapi. Hakujiuliza. Mtu aliyezoea kuletewa sahani hajui kama sahani ina mahali inakotoka.

Alikula. Mungu anisamehe, nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikaangalia kila tonge. Sahani ya kwanza aliimaliza bila kuongea. Ya pili akawa anaongea mdomo umejaa, akimwambia Mzee Benjamini kwamba haya ndiyo maharage, mengine yote ni changarawe, na kwamba mwakani Mbeya nzima itayajua. Wale wawili wakaitikia. Sahani ya tatu aliiomba mwenyewe, akaninyooshea akitabasamu.

"Unapika hivi na bado hujaolewa, Tumpe? Au ndio ule ulimi, unawafukuza wakiwa getini?"

"Ulimi ndio unaoonja chumvi, baba mdogo," nikamjibu. "Karibu."

Mke wake alicheka kidogo, akajifanya amekohoa.

Alipomaliza alijiegemeza kwenye kiti, akafungua vifungo vya koti. Mama akakaa mbele yake, akaweka mikono magotini, akamuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo. Mama akamuuliza tena. Akasema hadi hapa, akajigusa kooni. Mama akamwambia basi, ataje shida yake. Baba mdogo akakaa vizuri, akajikohoza, akasema mbele ya mkubwa wa ukoo kwamba amekuja kuomba mbegu ya maharage ya Kilolo, kwa amani, kwa ridhaa ya shemeji yake.

"Tumpe," mama alisema, "mletee baba yako kibuyu."

Nilikileta kwa mikono miwili. Alikipokea kwa mikono miwili. Tabasamu lake lilikaa usoni sekunde moja zaidi ya lilivyopaswa, kisha mikono ikaujua uzito. Akakitikisa. Akachomoa gunzi, akakiinamisha, majivu kidogo yakamwagikia koti la baba.

"Kitupu," alimwambia Mzee Benjamini, kama anayekishitaki kibuyu. Akanigeukia. "Mbegu iko wapi?"

"Umeila, baba mdogo. Sahani tatu. Ya tatu uliiomba mwenyewe."

Mmoja wa wale wanaume aliisogeza sahani yake mbali na mkono, polepole. Mke wa baba mdogo alishika mdomo. Baba mdogo alicheka kwanza, akiangalia huku na huku apate wa kucheka naye. Alipokosa, akasimama. Alisema mengi. Alisema mimi ni mwendawazimu, mimi ni mchawi, laana ya marehemu itanifuata, na kama huko chuoni nilisomea kupika mbegu basi kaka yake alitupa ada bure. Aliposema ada nilimwuliza yeye alichangia ngapi. Hapo mkono wake ulipanda. Mama akasimama katikati yetu, mfupi vile, na kitambaa chake cha kanisani.

"Keti, shemeji," alisema. "Mimi ndiye niliyekupakulia. Nilijua ninachokupakulia."

Alikaa. Nadhani hakuna aliyewahi kumsikia mama akimwamuru mtu kuketi.

Aliyeniumiza hakuwa baba mdogo. Aliyeniumiza ni Mzee Benjamini. Mzee yule alikuwa ameweka kijiko chini, anaangalia mabaki kwenye sahani yake kama mtu anayeangalia maiti ya mtoto. Yeye ni mkulima, si mporaji, ingawa kwenye kikao cha shamba alikuwepo na alinyamaza. Alizungumza bila kupaza sauti. Alisema amezaliwa akakuta njaa, akalala na njaa, mbegu ikiwa imening'inia juu ya kichwa chake darini, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyeinua mkono. Mama yake alizika mtoto mwaka ule, na mbegu haikuguswa. Alisema mimi nimefanya jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Omba radhi kwa baba yako mdogo, binti," alisema, "tuondoke."

Nikamwambia hapana.

"Basi muombe radhi mama yako. Mbegu ilikuwa yake."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anakusanya sahani, amenipa mgongo, lakini alikuwa amepunguza mwendo ili asikie. Nikaanza kukusanya vijiko. Walisubiri muda wa kutosha kwa aibu kuenea chumbani, kisha wakaondoka, baba mdogo akiapa kwamba nyumba hii tutaihama kabla ya Krismasi. Yaliyobaki kwenye sufuria nilimwita Kulwa tukayagawa mtaa mzima, bakuli kwa bakuli, hadi tukakwangua chini.

Huu ni mwezi wa pili sasa. Krismasi imepita na nyumba hawajaigusa. Nilipeleka nakala ya ile karatasi kwa mtendaji wa kata, nikampelekea baba mdogo picha ya muhuri kwenye simu, na hajanijibu. Shamba amelipanda mahindi. Himmat alinikuta dukani kwake akaniuliza yale ya mama, nikamwambia yameisha, akatikisa kichwa, akanipimia sukari.

Mama yupo Iringa. Aliondoka siku ya nne baada ya wale watu, akasema anakwenda kwa mdogo wake Kilolo. Anapita nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, anaomba kuonyeshwa maharage ya watu. Ameonyeshwa ya njano, ya mabaka, meusi. Mekundu yenye doa jeupe hajaonyeshwa. Presha anapimwa kule, anasema imeshuka, na mimi sishangai, kwa sababu mwanamke huyu ambaye hakupaza sauti hata siku walipochukua shamba lake, sasa ananifokea mimi kwenye simu hadi naiweka mbali na sikio.

Jana alipiga mchana. Nilisikia upepo, na jogoo wa mtu.

"Nilimpakulia kwa sababu yalikuwa yameshaiva," alisema. "Kosa lile ni langu, nitalibeba. Hili ni lako. Hata kiganja kimoja hukunibakizia, Tumpe. Kiganja."

Ni kweli. Kiganja kimoja ningeweza kukifunga kwenye kitambaa, hakuna ambaye angejua. Mimi mwenye stashahada, ninayewafundisha wakulima kubakiza mbegu, sikukiwaza. Hasira ya asubuhi ile haikuwa na vipimo. Ningekuwa naweza kurudi, kiganja kile ningekibakiza. Nilimwambia hivyo, maneno hayo hayo.

Kisha akasema Mzee Benjamini anampigia kila Jumapili. Mzee anasema nikitamka neno moja tu, kwake au kwa mama, ukoo utalifunga jambo hili. Najua wanavyofunga mambo. Neno langu watalibeba kikaoni, na kuanzia hapo kisa kitasimuliwa kwamba palikuwa na binti aliyepika mbegu akajuta. Shamba halitatajwa. Plau haitatajwa. Koti la baba litaendelea kuvaliwa. Ubaya wote utakuwa umeanzia kwenye mafiga yangu, Jumamosi, saa mbili asubuhi.

"Ni neno tu, mwanangu," mama alisema. "Mimi pia nalisubiri."

"Nakusikia, mama. Siombi radhi."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."